Bi Kwanini na Masanduku Matatu ya Wafadhili

Jina lake la kwenye cheti walilijua wachache tu pale kituoni. Wengine wote, kuanzia mkuu wa kituo hadi wapagazi wa yadi, walimwita Bi Kwanini, naye aliitika bila kinyongo kwa sababu alijua jina hilo amelipata kihalali. Alikuwa afisa forodha katika kituo cha mpakani, mahali ambapo malori hupanga foleni na kila mtu ana haraka isipokuwa karatasi.

Kazi hiyo hakuipendea sare wala mshahara. Alipokuwa mtoto, nyumba yao ilikuwa kando ya barabara kuu, na mchana kutwa malori yalipita yamefunikwa maturubai. Alikaa kizingitini akimuuliza mama yake, "Mama, lile limebeba nini?" Mama yake alikuwa mshonaji, na mara nyingi midomo yake ilikuwa imebana pini, hivyo alijibu kwa pua: "Mali za watu." Jibu hilo halikumtosha hata kidogo. Alikua na kiu hiyo na akasoma nayo. Siku alipokabidhiwa kitambulisho kilichomruhusu kufungua turubai la lori lolote, alicheka peke yake mpaka mkuu wake wa wakati ule akamuuliza kama ana homa.

Katika ofisi ya ukaguzi kulikuwa na kabati la chuma lenye mlango mmoja mzima na mwingine wa kusukumwa kwa goti. Ndani yake yalikaa masanduku matatu. La bluu lilitokana na mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, na ndani yake kulikuwa na kipima gesi chenye mrija mwembamba. Ukiuunganisha na friji au mtungi, kinakuambia ni gesi gani. La njano lilitokana na mkataba wa taka za sumu, nalo lilikuwa na glavu nene, miwani na barakoa. La kijani lilikuja na mkataba wa biashara ya wanyamapori, limejaa kadi za picha za ngozi, magamba na manyoya, na kioo cha kukuzia. Serikali ilikuwa imetia saini mikataba yote mitatu, na vifaa vilinunuliwa kwa misaada kutoka nje. Kila sanduku lilifika na semina yake, hoteli yake, kofia yake, na mtaalamu wake aliyebandika namba yake ya simu ukutani. Kila sanduku pia lilikuwa na sharti lake, na masharti yote matatu yalifanana: vifaa vya mradi huu visichanganywe na vya mradi mwingine.

Maafisa wenzake walikwenda semina moja moja, kwa zamu. Bi Kwanini aliomba zote.

"Kofia tatu za nini?" mkuu wa kituo alimuuliza.

"Kofia nitampa mume wangu, bosi. Mimi nataka kujua."

Kwenye semina ya gesi, mtaalamu alikuwa bwana mrefu mwenye sauti ya upole, mtu wa kuzungumza kama anambembeleza mtoto alale. Alieleza vizuri jinsi gesi za zamani za friji zilivyokuwa zikila lile tabaka linalotukinga na jua kali, na jinsi nchi zilivyokubaliana kuziacha. Bi Kwanini akanyoosha mkono.

"Na hizi mpya mlizoruhusu, hazina madhara?"

"Kwa ozoni, hazina kabisa."

"Na kwa kitu kingine?"

Yule bwana akajikuna shingo. "Zipo zinazoongeza joto la dunia. Lakini kwa sasa hilo lina mkataba wake na watu wake."

"Mnakutana nao?"

Ukumbi mzima ukacheka, na mtaalamu naye akacheka. Lakini wakati wa chai alimfuata na kikombe chake mkononi. "Swali lako limenikaa," alisema. "Ofisi yao iko upande wa pili wa jengo letu. Huwa tunasalimiana kwenye ngazi."

Jioni hiyo Bi Kwanini alirudi nyumbani, akavua viatu, akaenda kusimama mbele ya friji yao. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na alimjua mke wake vya kutosha.

"Hiyo ina maji baridi na mboga za jana," alisema. "Usiifungue kwa nyuma, nakuomba."

"Nataka kujua ina gesi gani tu."

"Mwanangu, wewe ulioa mkaguzi," mama mkwe alidakia kutoka kwenye kiti chake. "Vumilia. Angalau hakukagui mifukoni."

Maisha yakaendelea hivyo, mpaka lilipofika lori la friji za mtumba.

Lilifika asubuhi yenye jua kali. Dereva wake alikuwa kijana wa adabu, amevaa shati lililopigwa pasi, jambo ambalo kwa dereva wa masafa marefu lilimfanya Bi Kwanini amtazame mara mbili.

"Shikamoo mama. Ni friji tu, za mtumba. Karatasi zote ziko sawa."

"Marahaba mwanangu. Karatasi nimeziona. Sasa nataka kuziona friji."

Karatasi zilisema friji ni nzima na zinafanya kazi. Wapagazi wakashusha chache. Bi Kwanini akaunganisha kipima gesi kwenye ya kwanza, nacho kikaonyesha gesi ya zamani, ile iliyopigwa marufuku. Ya pili ilikuwa vilevile. Ya tatu haikuwa na gesi yoyote, kwa sababu haikuwa na kompresa. Mirija ilikuwa imekatwa na kuning'inia kama utumbo wa kuku. Kadiri walivyozidi kushusha ndivyo mizoga ya friji ilivyozidi kuwa mingi kuliko friji zenyewe. Akajikuta amevaa glavu za sanduku la njano huku ameshika mashine ya sanduku la bluu, akaangaza macho huku na huko kama mtu aliyeiba sukari.

Ndipo alipoyaona matundu. Mgongoni mwa friji moja kubwa, iliyokuwa katikati kabisa ya mzigo, mtu alikuwa ametoboa matundu madogo yaliyopangwa vizuri, kazi ya mkono uliotulia.

"Jamani," aliwaambia wapagazi, "kazi ya friji ni kuzuia hewa isipite. Huyu alikuwa anataka nini?"

Dereva akaenda kukaa kwenye tairi la akiba na kushika kichwa.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa utepe wa gundi, tabaka juu ya tabaka. Walipoubandua, harufu ya joto na mkojo ikawapiga usoni. Rafu zilikuwa zimeondolewa. Ndani kulikuwa na vifurushi vya nguo kuukuu, na kifurushi kimoja kilikuwa kinajisogeza. Bi Kwanini akakifungua polepole. Kobe mdogo, miguu imefungwa kwa utepe uleule, akamtazama kwa jicho moja. Walikuwa zaidi ya ishirini.

"Mama, mimi ni kuendesha tu," dereva alisema. Baadaye aliwaeleza polisi kwamba ile friji ilipakiwa njiani, nchi jirani, na kwamba kuna mtu angeipokea karibu na uwanja wa ndege.

Bi Kwanini akaenda ukutani penye namba tatu, akaanza kupiga simu.

Mtaalamu wa gesi alisema kwa sauti yake ya upole kwamba friji zisiguswe wala kusafirishwa kabla gesi haijafyonzwa, maana zikitikiswa zitavuja. Mtaalamu wa taka, mama mmoja mwenye miwani mikubwa na maneno ya haraka, alisema friji mbovu ni taka haramu. Zinapaswa kurudi zilikotoka mapema iwezekanavyo, na hapo yadini zisikae. Mtaalamu wa wanyama, bwana mwenye kikohozi cha kudumu, alisema lori zima na kila kilichomo ni ushahidi, kwa hiyo kisiondoke kitu, na kobe wapewe kivuli na maji mpaka atakapofika.

"Kwa hiyo," mkuu wa kituo alisema alipoelezwa yote hayo, "nina lori ambalo halitakiwi kuondoka, mzigo ambao hautakiwi kukaa, na kobe."

"Ndiyo, bosi."

"Wewe umeuliza maswali gani tena?"

Bi Kwanini hakuwa amekasirika. Alikuwa anashangaa. Watu watatu wenye akili zao, kila mmoja anasema kweli, na kweli zao haziwezi kukaa pamoja kwenye yadi moja. Ilikuwaje? Akarudi kwenye simu na kumwambia kila mmoja aje kesho asubuhi. Hakumwambia yeyote kwamba wengine nao wanakuja. Hakudanganya, maana hakuna aliyemuuliza.

Kobe waliwekwa ofisini kwa mkuu wa kituo, chumba pekee chenye feni inayozunguka. Mwanzoni alilalamika. Mchana Bi Kwanini alipoingia kumletea karatasi za kutia saini, alimkuta bosi wake amepiga magoti na sare yake, akimsogezea kobe jani la kabichi chini ya meza.

"Huyu hali," alisema bila kugeuka. "Wenzake wanakula, yeye hataki. Unadhani ni kwa nini?"

Kesho yake magari matatu ya miradi yaliingia yadini yakifuatana, yote meupe na yote yana vumbi la barabara ileile. Mama wa taka alishuka, akamwona mtaalamu wa gesi anashuka.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa unanipigia honi njia nzima?"

"Dada, ulikuwa unaendesha katikati ya barabara!"

Bwana wa wanyama alishuka anakohoa, akauliza wote hawa wamefuata nini. Mama wa taka alikuwa amefuatana na mgeni: afisa wa shirika la misaada la nchi ya mbali, mwanamke mfupi mwenye mvi, aliyekuwa ziarani kukagua vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha za nchi yake. Akaomba kwanza aonyeshwe sanduku la njano. Bi Kwanini akausukuma mlango wa kabati kwa goti.

"Vizuri," mgeni alisema. "Hili ndilo letu."

"Na hili la bluu pia ni lenu," Bi Kwanini alisema.

"Hapana. Sisi tunashughulika na taka."

Bi Kwanini akaligeuza sanduku la bluu. Ubavuni kulikuwa na stika yenye bendera ileile na jina lilelile la shirika. Mgeni akavaa miwani, akainama, akasoma, akasoma tena. Halafu akaketi juu ya kiti cha mtu bila kuomba.

"Kumbe walionunua hili wako ghorofa yangu," alisema. "Tunatumia mashine moja ya kahawa. Miaka yote hii nilijua wanahusika na mambo ya hewa. Sikuwahi kuuliza hewa gani."

Akaanza kucheka, na kicheko chake kikawaambukiza hata waliokuwa wamenuniana kwa sababu ya honi.

Kicheko kilipoisha, kazi ikabaki palepale. Wataalamu watatu walikaa kwenye benchi moja na kubishana kwa heshima, kisha bila heshima sana. Kila mmoja alikuwa na kifungu chake cha sheria. Bi Kwanini aliwasikiliza mpaka akaona wanarudia yaleyale, akauliza swali dogo tu:

"Samahani. Nani anaanza?"

"Anaanza nini?" mama wa taka akauliza.

"Kazi. Nyote mtafanya kazi hapa leo au kesho. Nataka kujua nani anatangulia, nani anafuata, ili nijue nani nimfungulie geti."

Bwana wa wanyama alikuwa wa kwanza kujibu. Alisema sheria yake inamruhusu kukamata na kuhamisha viumbe hai papo hapo, akishapiga picha. Lori linaweza kubaki chini ya ulinzi bila kobe. Mtaalamu wa gesi akasema kuna mashine ya kufyonzea gesi katika chuo cha ufundi, mji wa jirani. Ikija hapa, hakuna haja ya kutikisa friji. Mama wa taka akavua miwani yake na kuifuta. Alisema nchi iliyotuma taka haramu inawajibika kuzichukua kwa gharama yake, na kwamba picha za kobe na vipimo vya gesi vingempa ushahidi ambao hajawahi kuwa nao, maana kila mara watumaji hudai mzigo ulikuwa mzima. Kumbe kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake alikuwa anakikosa kwa miaka.

Kikwazo kilikuwa mashine. Kwa masharti ya mradi wa gesi ulioinunua, ilitengwa kwa ajili ya mafunzo peke yake. Mgeni mwenye mvi akatoka nje na simu, akampigia mwenzake wa ghorofa moja. Walimsikia akijitambulisha jina lake kamili, kwa mtu ambaye alikuwa anapishana naye kila siku kwenye mashine ya kahawa. Aliporudi alikuwa na ruhusa.

Kobe waliondoka siku ileile kwenye gari la bwana wa wanyama, wamewekewa magunia yaliyoloweshwa maji, wakapelekwa kwenye kituo cha kutunzia wanyama waliookolewa. Wawili walikufa njiani. Mkuu wa kituo alipoambiwa alifungua dirisha, akalifunga, akauliza kama mmoja wao ni yule asiyekula. Hakuna aliyejua.

Gesi ilifyonzwa na wakufunzi wa chuo, na wanafunzi wao wakaletwa kutazama ili sharti la mafunzo nalo litimie. Friji zenyewe hazikuondoka upesi. Zilikaa kona ya yadi karibu mwaka mzima, nyigu wakajenga humo, huku barua zikienda na kurudi baina ya nchi mbili. Mwishowe zilichukuliwa. Mwenye mzigo alitozwa faini ya kumtoa jasho, na dereva aliachiwa baada ya kutoa ushahidi.

Bi Kwanini akadhani yameishia hapo. Lakini yule mgeni hakuwa amenyamaza huko kwao, na baadaye ukaitishwa mkutano mkubwa katika mji mkuu. Wasimamizi wa mikataba ya mazingira na wafadhili wao walitakiwa kuzungumza jinsi ya kufanya kazi pamoja, na Bi Kwanini akaalikwa aeleze yaliyotokea. Mumewe alimshoneshea gauni. Mama mkwe alimwambia asiulize maswali mbele za wakubwa, ajibu tu.

Aliposimama mbele ya kipaza sauti, hotuba yote ikamtoka kichwani.

"Mimi naomba kujua," alisema, na sauti yake ikamrudia kutoka kwenye spika. "Kwa nini mikataba hii tuliitenganisha tangu mwanzo?"

Watu wakacheka kidogo. Lakini mzee mmoja wa safu ya mbele, aliyewahi kushiriki mazungumzo ya mikataba hiyo ujanani mwake, aliomba kipaza sauti na kumjibu kwa utaratibu. Alisema kila mkataba ulipatikana kwa jasho. Mingine ilikuwa na marafiki wengi, mingine haikuwa na yeyote. Waliogopa wakiweka fedha kwenye kapu moja, wenye nguvu watakula zote, na taka au kobe havitakumbukwa na mtu. Kuta zile walizijenga kwa makusudi, ili wanyonge nao wapate chumba.

Bi Kwanini alikuwa bado amesimama. "Hilo sikulijua, baba," alisema. "Asante." Alirudi kwenye kiti chake kichwa kinamzunguka. Alikuwa amekuja akiamini ule ulikuwa uzembe tu, na sasa alikuwa na jambo zuri zaidi la kufikiria: vipi uache chumba cha mnyonge kibaki na mlango wake, lakini watu waweze kupita?

Hilo ndilo lililojadiliwa siku iliyobaki, na majibu hayakuwa makubwa. Fedha zilibaki mafungu mbalimbali. Sharti la kutochanganya vifaa lilifutwa kwa masanduku mawili. La kijani lilikuwa la mfadhili mwingine, na huyo alichukua muda mrefu kukubali. Semina zikawa moja. Namba tatu za ukutani zikabadilishwa na namba moja ya dawati la pamoja, ambako mwaka wa kwanza simu zilipokelewa na mtu aliyependa sana kusema "subiri kidogo." Lakini zilipokelewa.

Bi Kwanini aliombwa kuwa mmoja wa wakufunzi wa semina hizo, azunguke vituo vingine vya mpakani pamoja na wale wataalamu watatu. Alisita. Alipenda yadi yake. Alimuuliza mumewe.

"Huko kuna malori?" mumewe akauliza.

"Yapo."

"Ambayo hujawahi kuyafungua?"

Akaanza kupanga nguo.

Sasa wanasafiri wanne kwenye gari moja. Mama wa taka anataka madirisha yafunguliwe, bwana wa wanyama anataka yafungwe kwa sababu ya kikohozi, na mtaalamu wa gesi amejifunza kulala katikati ya ugomvi huo. Safari ya hivi karibuni iliwafikisha kwenye kituo kidogo cha milimani, chenye baridi na ofisi ya mabati. Kabla asubuhi ya kwanza ya mafunzo haijaisha, lori likaingia. Mzigo ulikuwa paneli za sola zilizotumika, nyingi zimepasuka vioo, zimepangwa kama sahani chafu.

Maafisa wa pale wakamtazama Bi Kwanini. Yeye akamtazama mama wa taka, ambaye aliokota kipande kwa glavu, akakigeuza juani, akakirudisha.

"Hii ni taka au ni mali?" Bi Kwanini aliuliza.

"Ikipimwa ikatoa umeme, ni mali. Isipotoa, inategemea ndani ina nini."

"Na ndani ina nini?"

Mama wa taka akamgeukia mtaalamu wa gesi, naye akatikisa kichwa. Bwana wa wanyama akakohoa na kusema yeye asiulizwe kabisa.

"Sijui," mama wa taka alisema. "Ngoja nimpigie mtu."

Alipokuwa akitafuta namba, Bi Kwanini alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya lori, amevaa glavu, anawaonyesha maafisa wa milimani jinsi ya kushusha paneli ya chini kabisa bila kuvunja iliyo juu yake.